Vani Iliyoombewa Mapema

Saa moja asubuhi, Pulchérie Ntakarutimana anapandisha mkono wa sweta la mzee mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee huko Parkdale, magharibi mwa Toronto. Mzee ameapa kwamba hajaanguka. Pulchérie habishani naye. Anatazama kiwiko, anakuta mchubuko mbichi, anakwenda kuchukua dawa.

"Mtu akisema hajaanguka, usoni simtazami," anasema. "Uso umezoea kudanganya. Kiwiko hakijui."

Mama huyu wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, huogesha, huvalisha na kulisha wazee kwa dola tisa kwa saa. Wenzake wanasema ana macho ya forodha. Majira haya ya baridi ya 1997, macho hayo nusura yamgombanishe na kanisa lake zima.

Chanzo ni gari. Yeye, mumewe Patrick na watoto watatu ni watu watano, na gari lao la milango miwili lina mikanda minne. Jolie, mwenye miaka minne, alikuwa akipakatwa na dada yake Amandine. Mwezi Oktoba Patrick alifunga breki ghafla, Jolie akagonga kiti cha mbele kwa mdomo. Jino lake la mbele liling'oka, na mama yake analo hadi leo, amelifunga kwenye kitambaa ndani ya mkoba.

"Kwetu jino la mtoto hutupwa juu ya paa," anasema. "Sisi tunakaa ghorofa ya tisa, na paa ni la mwenye nyumba."

Mtoto wa nne anatarajiwa Machi. Ndipo Shemasi Josué, mtu anayeheshimika kanisani, akatangaza kwamba anauza vani yake nyekundu ya viti saba kwa dola elfu nne na mia tano. Patrick, anayepakia mizigo uwanja wa ndege kule Malton, alikuwa na akiba ya kiasi hicho hasa.

Jumapili ile vani iliegeshwa mbele ya mlango wa kanisa, iking'aa. Ibada ilipokwisha, mchungaji aliweka mikono juu ya boneti akaomba, kwaya ikaimba, Josué akamnyooshea Pulchérie ufunguo.

Pulchérie hakutoa mikono mfukoni. "Asante, Shemasi. Kwanza nimwoneshe fundi."

Wimbo ulikatika.

"Mama Amandine, umetuaibisha!" Patrick alimnong'oneza. "Huyu ni ndugu yetu katika Bwana."

"Ndugu ni yeye. Gari si ndugu yangu."

Alikwisha kuchungulia ndani. Marashi yalikuwa mengi mno, na zulia la safu ya nyuma lilikuwa jipya kuliko la mbele. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilikuwa imejitembeza karibu ifike madhabahuni. Josué alimkabidhi ufunguo kwa siku moja, midomo imemvimba kwa hasira. "Nenda," alimwambia. "Hata kwa daktari ipeleke."

Aliipeleka kwa Nazarali, fundi mzee aliyezaliwa Tabora, mwenye gereji karibu na Thorncliffe Park. Nazarali alifunua zulia. Chini yake palikuwa na bati lililopakwa rangi nyeusi. Aligusa kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Chumvi ya barabarani ilikuwa imekula sakafu yote pale unapofungwa mkanda wa kushoto.

"Mama, mkanda huu umeshikwa na kutu tu," alisema fundi. "Gari likigongwa, unang'oka pamoja na mtoto."

Pulchérie hafichi alichohisi. "Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema, leo mwizi nimemkamata."

Alifika kwa Josué na maneno makali tayari mdomoni. Shemasi alisema gari alilinunua hivyo hivyo, zulia alilikuta. Pulchérie hakumwamini hata kidogo. Kisha Josué akauliza, "Ni upande gani?"

"Nyuma, kushoto."

Josué aliketi kwenye ngazi, juu ya theluji. Mwanawe Pascal alikuwa amekikalia kiti kile majira mawili ya baridi.

"Uso wake sikuutazama," anasema Pulchérie. "Nilitazama mikono. Ilishindwa hata kuupokea ufunguo. Nikaona haya, kwa sababu nilikuja kumshitaki mtu aliyedanganywa kama mimi."

Josué aliiuza vani ile kama chuma chakavu. Tangu hapo kila Jumamosi huandamana na Pulchérie kutazama magari. Yeye hulala chini na tochi, Pulchérie huvuta mikanda mmoja mmoja. Wamekwisha kukataa sita, na wauzaji wawili wamewafukuza.

Pulchérie anataka kupata vani kabla ya Machi: mikanda saba, sakafu nzima, rangi yoyote. Mchungaji ataiombea, lakini baada ya bisibisi ya Nazarali.

"Siku hiyo nitamfunga Jolie mwenyewe, niuvute mkanda mara mbili," anasema, akipapasa mkoba wake. "Akilia kwamba unambana, nitamwacha alie. Tukifika salama, atashuka alirushe jino lake juu ya paa la gari. Paa hilo litakuwa letu."