Mlango Usiofunguka Simuni

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na tovuti zangu ni kavu. Wateja wapya wakiziona mara ya kwanza huniuliza, "Ndiyo imekwisha?" kwa sauti ya mtu aliyepakuliwa wali bila mchuzi. Huwajibu kwamba imekwisha, tena imeiva. Ujeuri huo sikuupata chuoni. Niliupata kwenye nyumba ya shangazi yangu, hapa Lamu mjini, mwaka ule alipokaribia kuipoteza.

Nyumba ni ya mawe, ya marehemu babu. Shangazi ndiye aliyebaki ndani yake, akiwakodisha wageni vyumba vya juu. Kaka yake, ami yangu, anaishi Mombasa, na fungu lake la urithi ni kubwa kuliko la shangazi. Mwaka huo alikuwa amepata tajiri wa kuikodi nyumba nzima kwa miaka mingi.

"Vyumba vitupu havitengenezi kuta," alisema. Akampa shangazi muda: Maulidi yakipita bila wageni, afunge virago akakae kwake Mombasa.

Shangazi hajawahi kulala Mombasa bila kuumwa na kichwa. Hakulia mbele ya kaka yake. Alilia mbele yangu, huku anakuna nazi, na mimi nikapandwa na hasira ambayo hadi leo nikiikumbuka naiona ilikuwa halali.

Kwani tovuti ilikuwapo! Ami mwenyewe ndiye aliyeigharamia, kwa fundi wa huko huko Mombasa, na hakuna harusi aliyohudhuria bila kuwaonyesha watu. Ukiifungua, unauona kwanza mlango wetu wa kuchonga, umefungwa. Muziki unaanza. Mlango unafunguka polepole, kama unasukumwa na mgonjwa. Zinafuata dua, historia ya babu, ukoo wetu wote hadi wale waliokuja na majahazi, halafu video ya kisiwa iliyopigwa kutoka angani. Vyumba viko huko mwisho, na chini yake kabisa iko namba ya simu, kwa tarakimu nyembamba za rangi ya dhahabu.

Naelewa jambo hilo lilivyotokea. Kwetu hata ukitumwa pilipili kwa jirani, huanzi na pilipili. Unaamkia kwanza, unauliza hali za wazee na watoto na mguu wa mjomba, ndipo pilipili itajwe. Ami aliichukua adabu hiyo yote akaipeleka mtandaoni. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anayetafuta kitanda hana subira ya jirani.

"Chema chajiuza," aliniambia kwenye simu. "Nyumba ingekuwa ya kuvutia, wangekuja."

"Chajiuza kikionekana, ami."

Akakata simu.

Ushahidi niliupata kwa mwalimu mmoja, mwanamke wa kutoka bara anayefundisha kisiwani Ndau. Alikuja kwenye kiduka changu cha kutengeneza simu, kazi yangu ya siku hizo, kubadilishiwa kioo, akanieleza kwamba mama yake anataka kumtembelea na hajui atamlaza wapi mjini. Nikamtajia nyumba ya shangazi. Akacheka.

"Ile ya mlango? Niliifungua nikingoja boti. Data ikaisha na mlango bado haujafunguka! Sasa mtu ataingiaje?"

Nilitaka kumkumbatia. Mgeni wetu hatafuti chumba akiwa amekaa ofisini penye mtandao wa kasi. Anatafuta akiwa gatini Mokowe, ng'ambo ya bara anakopandia boti, jua la utosi, mzigo begani, mtandao unakuja na kutoweka. Nyumba haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imefungiwa nyuma ya mlango wake yenyewe.

Basi nikaanza upya, bila kumwuliza ami. Ukurasa mmoja mweupe. Juu kabisa jina la nyumba na namba ya simu ya shangazi, ukiigusa inapiga. Picha chache ndogo: kitanda, dirisha na choo, kwa sababu watu wote wanataka kujua habari za choo na wanaona haya kuuliza. Bei. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Ukishuka kwenye boti, pita njia hii, ukipotea piga simu, utafuatwa. Nikavuka hadi Mokowe kuujaribu kwa simu yangu ya zamani. Ulifunguka kabla nahodha hajamaliza kufunga kamba.

Shangazi hakuupenda hata kidogo.

"Baba yuko wapi?"

"Nimemtoa."

"Wamtoa baba yangu nyumbani kwake?"

Neno hilo lilinichoma. Babu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka madrasa, na kila nikipita mbele ya picha yake naisalimia. Lakini nilijua niko sawa, na ukiwa sawa ukanyamaza, unawasaidia walio makosani.

Tulikuwa tumekaa dakani, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Nyumba zote za zamani hapa zinalo.

"Shangazi, mtu usiyemjua akija, unamweka wapi?"

"Hapa. Kwani?"

"Unampa nini?"

"Pa kuketi na mayi ya kunwa. Kisha nimuulize ataka nni."

"Picha ya babu unamwonyesha?"

"Hata! Picha i ndani. Ya ndani huonyeshwa alokwisha kuingia."

"Basi huu ukurasa ni daka," nikamwambia. "Babu simtoi. Namrudisha ndani."

Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake, akaisoma yote toka juu hadi chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuimaliza tovuti ya nyumba yake.

"Andika kuwa mayi ni ya bure," akasema.

Nikaandika: maji ya kunywa ni bure.

Wa kwanza kupiga alikuwa mwalimu wa Ndau, kwa ajili ya mama yake. Wakafuata wengine, na wote walikuwa na swali moja tu, kama kuna nafasi, maana mengine walishayasoma. Mwanzoni shangazi alikasirika. "Hawana hata salamu, watu hawa!" Lakini wakishafika, wakaoga, wakanywa kahawa, aliwaketisha chini ya picha na kuwapa salamu zote walizokuwa wamezikwepa, pamoja na babu, ukoo na majahazi. Hakuna aliyesinzia.

Ami alikuja Maulidi yalipokwisha, baada ya alasiri, akiwa amefuatana na tajiri wake. Hakubisha hodi, ni kwao. Aliwakuta wageni wamejaa ukumbini, mama wa mwalimu akiwa mbele kabisa, na shangazi anasimulia siku babu alipoukataa mlango uliochongwa vibaya akamrudishia fundi. Ami akasimama hapo hapo na mkoba wake. Ni habari za baba yake, na naapa alikuwa hajazisikia tangu utotoni, maana kwenye tovuti yake mwenyewe hakuwahi kuzifikia.

Hadithi ilipokwisha, akauliza, "Chumba changu ki wapi?"

"Kina mtu," shangazi akamjibu. "Vyote vina watu."

Tajiri alikuwa bado anaitazama picha ya babu. Akageuka, akauliza bei kwa adabu. Ami akafungua kinywa, lakini yule hakuwa akiulizia nyumba. Alikuwa anauliza bei ya chumba, kwa wiki ijayo, yeye na mkewe.

"I kwenye simu yako, mwanangu," shangazi akamwambia. "Fungua, utaiona."

Akafungua, akaiona hapo hapo. Ami akaweka mkoba wake chini, akaniuliza godoro la kulalia juu ya paa liko wapi.