Picha za Mjomba Kutoka Angani

Ilianza Jumamosi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mke wa mjomba alipomwekea mumewe bakuli la supu ya makongoro na chapati tatu. Kwetu Kipawa mtu akienda safari ya kutikisa mwili hushindiliwa kwanza, eti tumbo tupu ndilo linaloleta kizunguzungu. Mjomba alimaliza zote. Mie sikula, wala si kwa ujuzi wowote, naonaga tu aibu kula mbele ya watu.

Mjomba ni mpiga picha wa harusi. Siku hiyo alikuwa amepata kazi ya kupiga mashindano ya mashua za matanga kutoka kwenye helikopta, na mie nilikuwa mbeba begi wake kama kawaida. Ila nilikuwa na langu moyoni. Mama hataki habari za kamera, anataka nikimaliza kidato cha nne niende uuguzi. Wiki ile alikuwa ameniahidi kwamba nikimletea picha moja ambayo watu wa nje wameikubali, na wanajua ni yangu, ataniacha nisomee upigaji picha. Mjomba alikuwepo, alisikia. Alicheka, akasema huyu hata salamu anaitikia kwa kunong'ona, atampiga picha nani.

Helikopta ilikuwa imetolewa mlango upande wetu. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, bahari imechafuka, mashua zinalala ubavu mpaka unaona matumbo yake. Mjomba alipiga chache huku kaegemeza kiwiko kwenye fremu ya mlango, kitu anachonikatazaga mwenyewe kwa sababu mtetemo unaingia kwenye picha. Kisha supu ikarudi yote. Alinisukumia kamera bila kuniangalia, akainamia begi la lenzi.

Nikabana viwiko kifuani. Tulipopita mara ya kwanza nilichelewa, nikapata maji matupu. Mie darasani sinyooshi mkono hata nikijua jibu. Lakini nilibonyeza kitufe cha maiki nikamwambia rubani, "Kaka, zunguka tena, tafadhali. Chini kidogo." Akazunguka. Mashua nyeupe ikapanda wimbi, nusu yake ikawa hewani, mabaharia wamejipanga ukingoni kama nguo zilizoanikwa, na mmoja wao anacheka. Nilijua nimeipata kabla sijaiangalia, nikaendelea kupiga mpaka tukageuza kurudi.

Tuliposhuka, waandaaji wa mashindano waliitazama kwenye laptopu. Wakasema hii wataitengeneza kubwa, waitundike ukumbini kwao, na jina la mpigaji liwe chini yake. Mama mmoja mwenye kofia akauliza kapiga nani.

"Mie hapa," mjomba alisema, bado anafuta mdomo. "Huyu ni mtoto wa dada, ananishikiaga begi."

Rubani alikuwa ameshaondoka. Mie nikaangalia viatu vyangu.

Jioni mjomba alikuja nyumbani kumwonyesha mama. Mama akaitazama muda mrefu, halafu akanigeukia. "Na wewe ulipiga zipi?"

Hapo ndipo ilipo hasira yangu, na si kwa mjomba peke yake. Kwetu mtoto hamkanushi mjomba wake akiwa amekaa kitini, kikombe mkononi. Lakini mama aliniuliza mimi, na alisubiri. Nikasema, "Kapiga mjomba." Mjomba akapuliza chai yake. Mama akasema basi, hayo mambo yameisha, nikimaliza mtihani ni uuguzi.

Asubuhi yake mjomba aliniita studio nimchagulie picha za kuwatumia waandaaji. Nikamfungulia kumi na moja alizopiga yeye, moja moja, polepole: fremu ya mlango, anga, goti lake, anga tena. Akakohoa.

"Zile nyingine ziko wapi?"

"Zipi, mjomba?"

"Si zile nzuri."

Nikasubiri aseme ni za nani. Alitazama mlangoni, kisha akaniambia niharakishe, watu wanangoja. Nikamfungulia zangu. Nikachagua ishirini, nikazitia jina la studio yake kwenye kona, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.