Nyumba Isiyo na Msumari

Ukiingia nyumbani kwa Gichuki na mkewe Mwihaki, pale mtaa wa Manyatta mjini Kisumu, unaweza kukaa muda mrefu bila kujua ni kitu gani kinakusumbua. Nyumba ni safi, chai inaletwa ikiwa moto, viti vina vitambaa. Halafu unagundua kwamba kuta ni tupu. Hakuna kalenda, hakuna saa, hakuna picha ya harusi. Hata mapazia, ambayo ndiyo biashara ya Gichuki huko soko la Kibuye, yamening'inizwa kwa kamba iliyofungwa kwenye vyuma vya dirisha. Picha ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kwa miaka mingi Gichuki hakukubali msumari upigiliwe katika nyumba ile.

Majirani walidhani anamwogopa mwenye nyumba. Mwihaki alijua sivyo, ila hakuwa na haja ya kumweleza mtu.

Gichuki alikuja Kisumu kutoka Othaya, kwao Wakikuyu, akiwa kijana, akimfuata mjomba aliyeuza mitumba. Mjomba alirudi kwao, yeye akabaki. Alijifunza Dholuo, lugha ya Waluo wenyeji, kiasi cha kuuzia, akamwoa Mwihaki, wakajenga nyumba ya mawe pembeni mwa mji, chumba kimoja baada ya kingine. Binti yao wa pekee, Wanjiku, alisema Dholuo kabla ya Kikuyu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi ule uliovuruga nchi na kuwafanya Wakikuyu wafukuzwe Kisumu, walitoka katika nyumba hiyo mchana kweupe, wakatembea hadi kituo cha polisi na kukaa hapo nje pamoja na wengine mpaka lori lilipokuja. Askari aliyesimama nyuma ya lori alisema kila mtu apande na kile anachoweza kupakata. Mwihaki alimpakata mtoto. Gichuki alipakata mfuko wa mapazia, kwa kuwa ndio uliokuwa mkononi mwake. Nyumba waliiacha ikiwa na meza, vitanda, milango aliyoipaka rangi mwenyewe. Waliporudi baada ya mwaka hivi, kwa sababu huko Othaya hakukuwa na shamba la kuwatosha na kukaa kwa ndugu kulikuwa kumeanza kuwachosha wote, walikuta kuta nyeusi bila paa.

Aliuza kile kiwanja bila kubishana bei. Wakapanga nyumba katika ua wa mjane mmoja anayeitwa Awuor, ambaye wapangaji wote humwita Mama. Awuor hakuwa na maneno mengi. Aliwaonyesha bomba la maji na choo, akawaambia geti hufungwa saa tatu. Miaka ilivyokwenda alimzoea sana Mwihaki, na mara mbili alimwambia Gichuki kwamba angependa kumuuzia nyumba ile kuliko kuwaachia shemeji zake. Gichuki alijibu mara zote mbili kwamba atafikiria.

Wanjiku alipoolewa na kwenda kufundisha Nakuru, Mwihaki alianza kazi ya kuangua vifaranga. Alinunua inkubeta, lile sanduku la umeme linalotunza joto la mayai na kuyageuza lenyewe, akaliweka katika chumba kilichokuwa cha binti. Watu walileta mayai ya kuku wa kienyeji na kurudi baada ya wiki tatu kuchukua vifaranga. Kazi ilimfaa. Alipenda kusikia sauti za kwanza, kule kugongagonga ndani ya ganda, kabla ya ganda lenyewe kupasuka.

Adui yake alikuwa stima, ule umeme wa mji. Kisumu stima hupotea mvua ikinyesha, na wakati mwingine hupotea jua likiwaka. Akipotelewa kwa muda mfupi alifunika inkubeta kwa blanketi na kuzungushia chupa za maji ya moto. Lakini msimu mmoja wa mvua ndefu transfoma ya mtaa iliungua, na mafundi hawakuonekana mpaka siku ya tatu. Mayai yaliyokuwemo yalikuwa karibu kuanguliwa, na mengi yalikuwa ya Dorca, mama muuza samaki wa Dunga, kando ya ziwa, aliyekuwa ameamua kufuga kuku kwa mara ya kwanza. Mwihaki alichemsha maji hadi gesi ikaisha. Mwishowe alipasua yai moja kuangalia. Kifaranga kilikuwa kamili, kina manyoya na kucha, shingo imekunjwa, mdomo umeelekea juu mahali ambapo kingetobolea. Alipasua jingine, kisha akaacha.

Dorca alipokuja hakugombana. Alisema mambo kama hayo hutokea hata kwa samaki. Ila hakuleta mayai mengine.

Ndipo wakakubaliana kutafuta umeme wa jua. Walikwenda pamoja kwenye duka moja mjini, wakapokewa na fundi anayeitwa Waliaula, mtu mpole mwenye kueleza mambo taratibu. Aliwaonyesha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mtambo wa kufungwa: paneli zinapigwa bolti juu ya mabati, betri inatundikwa ukutani, nyaya zinapita ndani ya nyumba. Ya pili ilikuwa sanduku lenye mshikio, betri na kila kitu kimo ndani, na paneli yake hukunjwa kama begi. Hiyo haihitaji fundi. Unaitandaza paneli juani, unachomeka waya, unachomeka inkubeta kwenye soketi ya sanduku, basi. Stima ikiwapo unaweza pia kulichaji ukutani kama simu, ila bila jua hujaa polepole mno.

Mwihaki aliuliza maswali yake. Inkubeta itakaa saa ngapi stima ikipotea? Waliaula akamwambia sanduku lile, likiwa limejaa, litaibeba usiku mzima bila taabu, lakini kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo atahangaika, kwa sababu paneli ni moja. Mtambo wa kufungwa ungebeba inkubeta, taa na friji, na asingesumbuka nao. Kwa kazi yake, alisema, yeye angeshauri ule wa kufungwa.

Gichuki hakuwa akisikiliza. Aliuliza swali moja tu, sanduku lina uzito gani, na kabla hajajibiwa akalishika mshikio na kuliinua. Akatembea nalo hadi mlangoni mwa duka, akageuka, akarudi. Kisha akalihamishia mkono wa kushoto, akaenda tena mpaka mlangoni, akasimama hapo akitazama barabara. Waliaula alitabasamu, akasema mzee anapima ubora. Mwihaki hakutabasamu. Alitazama mgongo wa mumewe na bega lililoinama upande mmoja, akajua anapima nini.

Walinunua sanduku.

Kwa wiki za kwanza kila mtu alifurahi. Stima ilipopotea taa ya inkubeta haikuzimika hata kidogo, na Awuor aliwatuma wapangaji wengine waje kuchaji simu. Shida ilikuwa ile paneli. Gichuki hakutaka ilale nje wala iwekwe juu ya paa, alisema wezi wataibeba. Kwa hiyo kila asubuhi ilitandazwa uani kwenye kiti, na mtu alipaswa kubaki ili aigeuze jua linapohama, aikunje wingu la mvua likitokea ziwani, awafukuze mbuzi. Mtu huyo alikuwa Mwihaki. Gichuki alikwenda Kibuye asubuhi na kurudi jioni, na jambo la kwanza alilofanya akiingia ni kukunja paneli na kuiweka kando ya mlango, pamoja na sanduku, mshikio ukielekea nje.

Mwihaki aliacha kwenda kanisani Jumapili kukiwa na jua zuri. Aliacha chama cha kuweka akiba, kwa sababu akina mama wenzake hukutana adhuhuri. Aliacha kwenda Dunga kununua mabaki ya omena, wale dagaa wa ziwani, ya kuwalisha kuku wake wachache, akawa anaagiza, akaletewa yenye mchanga. Wanjiku alipompigia simu kumwalika Nakuru, alisema atakuja mvua zikianza, kisha mvua zilipoanza akasema sasa ndiyo hawezi kabisa. Alikuwa na umeme ndani ya nyumba, na hakuweza kufika kituo cha magari. Siku nyingine alikaa uani kwenye kistuli karibu na ile paneli, akahisi kwamba amefungwa kwa waya ule mweusi, yeye na inkubeta, na kwamba ukikatika mmoja wao atapoa.

Kisha kaka yake Awuor akafariki, na mazishi yakawa Seme, nje ya mji. Mwihaki hangeweza kukosa. Alimwomba Gichuki abaki nyumbani siku hiyo, lakini ilikuwa siku ya mzigo mpya kufunguliwa sokoni, na asubuhi alipoamka alikuta mumewe ameshaondoka. Siku mbili kabla kulikuwa na mawingu, sanduku lilikuwa limejaa nusu tu. Alimwachia jirani namba ya simu, akaenda.

Huko Seme ibada ilikuwa ndefu. Jeneza lilikuwa bado halijainuliwa pale jirani alipotuma ujumbe kwamba stima imepotea tangu asubuhi na sanduku limeanza kulia kwa kuishiwa chaji. Mwihaki alisoma ujumbe ule, akaweka simu, akaitoa tena. Alijaribu kuimba na wengine. Mwishowe alipita nyuma ya hema akiwa ameinama, akapanda bodaboda barabarani akiwa na leso ya msiba kichwani, na alipofika Manyatta mayai yalikuwa bado na uvuguvugu. Alitandaza paneli. Mayai yakapona. Aliketi sakafuni kando ya inkubeta na hakuona furaha yoyote.

Awuor alirudi baada ya siku kadhaa. Alimsalimu Mwihaki kama anavyowasalimu wapangaji wengine, na kupita. Ilikuwa mpaka jioni ya pili ndipo aliposimama mlangoni.

"Nilikutafuta pale kaburini," alisema. "Nilitaka tusimame pamoja. Nikaambiwa umekimbilia mayai."

Mwihaki alisema ni kweli. Awuor akageuka, akaenda zake.

Jumapili ile, mchana, Gichuki alikuwa mezani akila. Mwihaki alimweleza yote, mazishi, bodaboda, maneno ya Awuor. Gichuki alisema pole, kisha akasema labda wanunue sanduku la pili, dogo. Hapo Mwihaki akaweka kijiko chini.

"Baba Wanjiku, mimi nimechoka kuishi kama mtu anayengoja lori."

Gichuki hakuinua macho. Alitafuna kile kilichokuwa mdomoni, akameza.

"Lilikuja," alisema. "Lilikuja na hatukuwa tumefunga chochote."

"Najua. Nilikuwa ndani yake."

"Uchaguzi mwingine uko karibu."

"Umekuwa karibu tangu Wanjiku akiwa darasa la kwanza. Ukipita huo, utakuja mwingine. Na mimi nitakuwa hapo nje na kile kiti."

Gichuki akavuta sahani karibu. Alimaliza chakula, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akatoka kwenda kukaa kwa kinyozi. Aliporudi walizungumza habari za maji.

Asubuhi iliyofuata Mwihaki alimpigia simu Waliaula na kumuuliza kama ile paneli ya kukunja inaweza kupigwa bolti juu ya paa. Waliaula alisema hapana, mvua itaingia kwenye mikunjo, lakini ipo paneli ya kioo ambayo waya wake utaingia katika sanduku lile lile. Fedha za vifaranga zilitosha. Alikwenda kwa Awuor kuomba ruhusa ya paa, akiwa tayari kwa jibu baridi. Awuor aliinua kichwa kulitazama paa.

"Wenzako hutoboa ukuta wangu bila kuniuliza," alisema. "Wewe umekaa hapa miaka yote hii hujawahi kuomba hata msumari mmoja. Nilidhani hamnipendi." Waliaula alipokuja kufunga paneli, Awuor alitoka nje mwenyewe, akamwonyesha mahali mbao za paa zilipo imara.

Gichuki aliiona paneli akiwa bado getini, kwa sababu jua la jioni lilikuwa limeipiga. Alisimama chini yake, begi la mapazia begani. Mwihaki alikuwa mlangoni, tayari kwa lolote. Alichouliza Gichuki ni kama bolti zimewekwa mpira, maji yasiingie. Mwihaki akamwambia zimewekwa. Gichuki akaingia ndani.

Hakuikubali wala hakuikataa. Wiki ile alirudi na spana mpya, akaiweka kwenye droo pamoja na tochi. Mwihaki aliifungua droo, akaipima spana kwa macho, akajua ni ya kufungulia bolti zile, akaifunga droo. Kuna mambo ambayo mtu humwachia mwenzake. Sanduku nalo bado hulala kando ya mlango mshikio ukielekea nje, na stima ikipotea hufanya kazi yake hapo hapo lilipo.

Awuor alipita siku moja kumuuliza tena kuhusu ile nyumba. Gichuki alisema, kama kawaida, kwamba atafikiria. Lakini Awuor alipokuwa akiondoka Gichuki alimwita, akamuuliza mpaka wa kiwanja upande wa mtaro unapita wapi hasa. Awuor akamwonyesha kwa fimbo. Gichuki hakuuliza zaidi, na siku zilizofuata hakulirudia jambo hilo.

Mwihaki alikwenda Dunga katikati ya wiki, asubuhi ya jua kali. Alichagua omena mwenyewe, akaionja, akakataa ya kwanza. Dorca alimwona kutoka kwenye meza yake ya samaki, akamfungia samaki wawili aina ya ngege bila kumwambia lolote juu ya mayai. Walikaa wakizungumza juu ya ndoa ya binti wa Dorca. Mara kwa mara Mwihaki alitazama juu kuangalia mawingu, kisha akakumbuka kwamba hana haja, na baada ya muda akatazama tena. Hakuweza kujizuia. Saa sita haijafika aliinuka, akasema anachelewa. Dorca alimuuliza anachelewa wapi. Mwihaki alifikiria jibu, akaketi tena, lakini kikapu chake hakukitoa mapajani.