Mkono wa Kushoto wa Shati

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama watu, mke wangu alinivalisha shati jipya. Yeye fundi cherehani, mimi mwashi. Mkono wangu wa kushoto ulivunjika kazini ujanani, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Tangu nimwoe, mkono huo wa shati alikuwa anaukata mfupi bila kupima. Siku hiyo mikono ilitoka sawa.

"Mama, umeninunulia mkono mwingine?"

"Uvute, mzee. Utafika tu."

Tukacheka.

Kesho yake nilikuwa nakunywa chai. Akanirukia na mkasi.

"Mwizi! Shati la mume wangu umelitoa wapi? Vua!"

Mkasi ukazama begani. Nilipomshika akaning'ata, akanipiga na pasi mdomoni. Jino likatoka. Damu ikatapakaa kwenye vitambaa vya wateja.

Kaka yake akaja mbio. Akamzaba kofi, akamwangusha, akamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Shemeji, huyu kawa kichaa. Mfungie stoo kabla hajakuua."

"Mfungue."

"Hujioni damu hiyo?"

Nikaokota nyundo yangu. "Mfungue, ama hiyo mikono yako naivunja."

Akamfungua.

Binti yetu akatupeleka hospitali. Daktari alimtajia mke wangu maneno matatu ayakumbuke. Halikubaki hata moja. Akamwambia achore saa. Namba zote zikarundikana upande mmoja, kama mchanga uliomwagwa. Wakampima damu, wakampiga picha ya kichwa. Daktari akauliza mambo yalianzaje. Nikamwambia habari ya shati.

"Hiyo ilikuwa dalili, mzee. Ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Alzaima. Si wazimu, wala hakuchukii. Hauponi. Akikuita mwizi, usibishane naye."

Sikubishana. Alinipiga kwa mwiko wa jikoni, kwa kiatu, kwa rula yake ya mbao. Kaka yake kila akija anaitazama ile kamba. Nikaficha mikasi, nikabaki na mke wangu.

Siku moja akaninyanyulia rula tena. "Vua, mwizi!" Nikavua, nikampa shati. Akaniangalia. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaupapasa toka begani mpaka kwenye kifundo, kifundi kabisa. Rula ikamdondoka. Hakunitambua. Baada ya maneno ya siku hiyo hakusema lingine la kueleweka mpaka tukamzika. Alisema hivi:

"Mume wangu naye ana mkono kama huu. Ukimwona mwambie aje, shati lake nalipunguza."