Togwa ya Tanurini

Nakumbuka Jumatatu moja ya mwezi wa saba, enzi za vijiji vya ujamaa, hapa Sumbawanga: siku hiyo tulipoteza tanuri zima la matofali, na baada yake kiwanda chenyewe. Mwanangu, nakuandikia kwa kuwa umepewa kusimamia watu kazini. Baba yako Desideri angekueleza vizuri kuliko mimi, lakini tumemzika, na kuna jambo sikuwahi kulielewa ambalo sasa sina wa kumuuliza.

Baba yako alikuwa mchomaji. Mimi nilipika togwa ya ulezi ya wafanyakazi. Kila asubuhi waliketi kuzunguka chungu, wakanywa kwa kupokezana kata moja, na hapo ndipo maneno yalipotoka: udongo wa bondeni una mchanga, kuni ni mbichi, fulani mgongo unamuuma.

Kisha akaja meneja mpya, Bwana Ambakisye, kijana wa Mbeya, mpole, mwenye nia njema. Wakubwa walikuwa wamemwonya kwamba tanuri lile likiharibika, kiwanda kinafungwa. Akaona togwa inakula muda, akaifuta. Badala yake akatundika ukutani sanduku la maoni, lenye kufuli.

"Ndugu zangu, mwenye neno aandike, atumbukize humu."

"Nalo likitujibu, tutalisikiaje na kufuli hilo?" aliuliza baba yako.

Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, nadhani bila kujua anacheka nini. Sikusikia tena kicheko pale. Watu walifanya kazi kimya, na sanduku likabaki tupu.

"Shemeji," meneja aliniuliza, "mbona hawa wamepoa? Nimewakosea nini?"

Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Togwa ni togwa tu.

Wakati wa kuchoma, upepo uligeuka, ule wa kiangazi unaopasua midomo. Tanuri lilipaswa kuzibwa upande unakotokea upepo, lakini meneja alikuwa ameagiza pande zote ziachwe wazi. Baba yako aliuona upepo. Alisimama, akamtazama meneja, kisha akaendelea kuchochea moto. Jumatatu hiyo tulipofungua, upande mmoja matofali yalikuwa yameyeyuka na kushikana, upande wa pili mabichi kama yalivyoingia.

"Hakuniuliza," baba yako aliniambia nyumbani. Basi. Ilikuwa hasira? Ilikuwa heshima kwa mkubwa? Alijua kazi yake mwenyewe inakwenda na tanuri lile. Miaka yote nimeligeuza jambo hili kichwani, na bado sijui nimlaumu nani.

Nisilolijua siwezi kukufundisha, mwanangu. Ninalolijua ni hili: keti na watu wako kabla ya kazi, unywe wanachokunywa, uulize, kisha unyamaze wajibu. Nawe ukiona upepo umegeuka, sema, hata kama hujaulizwa. Mungu akupe masikio, na akupe watu wasiokuogopa.

Kiwanda kilipofungwa, asubuhi ya kuondoka kwake, meneja alipita kwetu kuaga. Nilikuwa na togwa jikoni. Akaketi kwenye kigoda, akanywa, akampa baba yako kata.

"Ndugu Desideri, upepo uliuona?"

"Niliuona."

Meneja akatazama chini. Baba yako akanywa, akachota tena, akamrudishia kata ikiwa imejaa.