Shati la Baba Salme

Jirani yangu wa hapa Nateete ni mke wa dereva wa lori la Mombasa. Mume akisafiri, kila asubuhi yeye hufua shati la mumewe lililo safi tayari, akalianika mbele ya nyumba ili wapita njia wadhani mwanamume yumo. Vidole vimemchubuka kwa kufua kisicho na uchafu. Jioni utamsikia akiita kwa sauti, “Baba Salme, chai inapoa!” na watoto wanatazamana, hawajui wacheke au wanyamaze.

Juzi askari alisimama mlangoni pake, nami nikasikia yote kupitia ukuta wetu mmoja.

“Mama, mzee iko?”

“Yuko, amelala.”

“Amusha yeye.”

Asipotoka mtu, watasema mumewe amekimbilia kwa waasi walioko Tanzania.

“Amesafiri, afande. Kikazi.”

Askari akacheka. “Sasa iko ndani ama iko safari?”

“Wallahi, hata mimi sijui.”

“Mimi narudi kesho. Wewe fikiri.”

Alipoondoka, jirani akaja kwangu, kanga mdomoni. “Mama Habib, wewe unayeswali sana, kesho nimwambie lipi?”

Nikasema Bismillahi, kisha nikatoka nikalianua lile shati.