Nilivyofunga stelingi boksi miguu juu kwenye hot rod ya Kapteni, Kampala enzi za serikali ya jeshi

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa kimya siku zote. Juzi nimeona vijana wanabishana kuhusu kubadilisha stelingi boksi ya gari la zamani, mmoja akaandika "ikiingia tu, imeingia". Nikaona huyu nikimwacha ataua mtu.

Haya ninayoandika nilikuwa nimekaa ndani ya gari lenyewe, kiti cha abiria. Asiyeamini nitamwelewa. Mke wangu mwenyewe mpaka leo anaamini nusu.

Mimi ni Mnubi wa Kampala, marehemu baba alikuwa askari wa Mwingereza. Siku hizi niko Mwanza, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Miaka ya sabini nilikuwa na gereji ndogo Kisugu pamoja na rafiki yangu Kato, Mganda, fundi wa kuchomelea. Kato alikuwa mtu wa maneno machache. Kumbukeni hilo, maana lilituponza.

Kipindi hicho Wahindi walishafukuzwa. Maduka ya spea walipewa watu wasiojua bolti na nati. Ukiuliza spea unaambiwa iko njiani. Njia gani, hakuna anayejua.

Jumatatu moja asubuhi ikaingia gari ambayo sijawahi kuona maishani.

Kwa wasiojua hot rod: ni gari la zamani kabisa, hili lilikuwa la Kimarekani, la enzi za babu zetu. Limekatwa paa, limeshushwa chini, likapachikwa injini kubwa ya V8 ambayo haikuwa yake. Likiunguruma, madirisha ya jirani yanatetemeka. Kijana mmoja wa Kihindi wa Ntinda ndiye aliyelijenga kwa mikono yake. Aliondoka na sanduku moja kama wenzake, gari likabaki.

Sasa lilikuwa la Kapteni. Jina lake naliacha.

Dereva wake ndiye aliyelileta, yeye Kapteni amekaa pembeni, mtu mrefu, mwembamba, miwani myeusi. Akashuka.

"Fundi, hii stelingi imelegea. Jumamosi mimi naenda kujitambulisha kwa wakwe, Kansanga. Naendesha mwenyewe. Nataka hii gari iende pale mimi naambia iende."

Nikasema, "Ndiyo afande."

Wakuu, wakati ule hilo ndilo lilikuwa jibu la kila kitu. Fundi redio wa jirani yetu alikosana na mkubwa mmoja kwa jambo dogo tu, akatiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe. Familia yake haikumwona tena. Kwa hiyo mkinicheka huko mbele, chekeni, ila mjue tulikuwa tunaishi hivyo.

Nikafungua boksi, lile sanduku la meno linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye matairi. Meno yote yamelika. Unazungusha usukani robo nzima ndipo matairi yanashtuka.

Kato akayajaza yale meno kwa welding, tukashinda siku mbili tunapiga tupa. Tukafunga, nikazungusha mara tatu, meno yakakatika kama biskuti. Ikawa Alhamisi, sina boksi, sina usingizi.

Ndipo nikakumbuka pick-up mbovu nyuma ya nyumba ya Mama Nakku, mjane mmoja wa pale pale Kisugu. Miaka mingi ilikuwa haina matairi, yeye anafugia kuku humo.

Nikamwendea na heshima zangu zote. Nikapiga magoti nusu.

Akanisikiliza, akasema, "Ssebo, chukua hiyo chuma yako. Lakini pale kwa kiti ya dereva kuku yangu inalalia mayai. Ikiamka, mayai inaharibika, na mimi nakuja kwa huyo Kapteni wako mwenyewe."

Basi nilifungua stelingi boksi saa tatu nzima nimelala chini ya dashibodi, kuku ananitazama. Kila nikigusa spana ananidonoa mkono. Sikuthubutu hata kumfukuza. Makovu mawili ninayo hadi leo.

Ijumaa mchana tukalijaribisha. Lilikuwa zima, meno yanang'aa, lakini halikukubali kukaa. Mkono wake, ule unaosukuma matairi, ulikuwa unagonga bomba la eksosi. Tukalisogeza mbele, linagonga. Nyuma, linagonga.

Kato akalitazama muda mrefu, akaligeuza miguu juu.

Likaingia kama limezaliwa pale.

Nilimkumbatia. Tukalifunga, gari liko kwenye jeki. Nikakaa kwenye usukani, Kato akasimama mbele ya gari ananitazama. Nikazungusha kulia, nikamuuliza, "Yanaenda wapi?"

"Kulia."

Nikazungusha kushoto.

"Kushoto."

Kazi imekwisha, tukaenda kunywa chai.

Wataalamu mshaona. Kato alikuwa ananitazama uso kwa uso. Kulia kwake ni kushoto kwangu. Tulipoligeuza boksi, mkono uliokuwa unaning'inia chini ukasimama juu, na kila kitu kikageuka. Test drive tuliipanga Jumamosi asubuhi.

Jumamosi asubuhi Kapteni alifika kabla yetu.

Alikuwa amevaa gwanda limepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Dereva alimleta na gari la jeshi, naye akamrudisha nyumbani. Nikajaribu, "Afande, tuizungushe kidogo kwanza." Akasema, "Wakwe hawangojei. Panda, likiharibika utatengeneza huko huko."

Nikapanda. Kato akatupungia mkono.

Mita hamsini za kwanza ni barabara iliyonyooka, nikaanza hata kujisifu moyoni. Kisha kona ya kulia. Kapteni akazungusha kulia. Gari likaenda kushoto, likapanda shamba la viazi vitamu, likapita katikati ya matuta na kurudi barabarani lenyewe.

Nikaelewa palepale.

Baadaye kidogo Kapteni akaniuliza taratibu, anatazama mbele, "Fundi, hii stelingi iko sawa?"

Wakuu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mdomo ukasema, "Iko sawa afande. Ni stelingi ya mashindano."

Akaitikia kwa kichwa. "Najua."

Tukaenda Kansanga kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Kila kona anasita, anazungusha upande mmoja, anajirekebisha upande mwingine. Jasho linamtiririka chini ya miwani. Mbuzi walitupita.

Kabalagala kulikuwa na roadblock. Askari akatuonyesha tusimame pembeni kushoto. Gari likaenda kulia, likaangusha pipa lao na kusimama juu ya kiti cha sajenti, ambaye kwa bahati alikuwa ameshatoka hapo. Waliona nyota za Kapteni, wakapiga saluti wote. Kapteni akawaambia, "Vizuri sana," tukaondoka.

Kwa wakwe tukakuta turubai, watu wamejaa, wasichana wanaimba. Geti liko kushoto. Kapteni akanyoosha mgongo, akasahau yote aliyojifunza njiani, akazungusha kushoto kwa confidence ya mwanajeshi.

Tukavuka barabara kwenda kulia na kuingia kwenye shamba la migomba.

Mgomba wa tatu ndio uliotusimamisha. Ukainama polepole, ukaachia mkungu mzima wa matoke mapajani kwa Kapteni.

Kuimba kukakoma. Injini ikazima.

Nikaona hapa ndipo ninapoishia, bora niishe nimesema. Nikamwambia, "Afande, nisamehe. Boksi nimelifunga miguu juu. Ukienda kulia linaenda kushoto. Si stelingi ya mashindano."

Akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza nikaona macho yake. Yalikuwa ya kijana, pengine hakunizidi miaka mitano.

"Ulijua lini?"

"Kona ya kwanza, afande."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilifikiri ni mimi."

"Vipi, afande?"

"Mimi sijui kuendesha. Siku zote naendeshwa. Nilijifunza wiki hii, kwa gari ya jeshi, dereva wangu ananifundisha, uwanjani. Nilifikiri nimesahau."

Tukatazamana. Yeye akaanza, mabega yakamtetemeka, halafu na mimi. Tulicheka mle migombani mpaka akashika usukani asianguke. Sijawahi kucheka vile na mtu ninayemwogopa.

Mara shangazi wa binti, ndiye mkubwa wa shughuli, akavuka barabara kuja kutazama. Kapteni akajikaza, akashuka, mkungu bado ameukumbatia. Mama yule akamtazama yeye, akatazama gari, akatazama migomba iliyolala.

Akageukia watu wake, akasema kwa Kiganda, kwa sauti ya kusikika, kwamba mkwe huyu ana adabu, ameona aibu kuingia mikono mitupu, amepita shambani kwanza.

Vigelegele vikarudi. Kapteni akaubeba ule mkungu begani, utomvu unachuruzika kwenye gwanda, akaingia nao getini kwa mguu. Mke akapewa.

Gari tulilisukuma kurudi Kisugu, mimi na vijana sita wa ukweni. Kato akajenga bomba jipya la eksosi, boksi tukalirudisha kichwa juu. Kapteni alikuja kila Jumapili mwezi mzima, nikamfundisha kuendesha nyuma ya gereji, na alikuwa mwanafunzi msikivu. Serikali ilipoanguka alikimbilia kaskazini na mkewe, wakavuka mpaka. Sikupata habari zao tena. Nikiwa peke yangu huwa nawaombea.

Nilichojifunza: ukifunga boksi, liendeshe mwenyewe kabla ya mwenye gari, hata kama amevaa nyota. Na ukijua umekosea, sema kwenye kona ya kwanza. Sisi wawili tulikwenda maili nzima kila mmoja anamficha mwenzake, yeye anaona aibu, mimi naogopa buti, na kifo kilikuwa tayari kukutana nasi kwenye lori lolote.

Mafundi mliomo humu, nani amewahi kugeuza boksi kama mimi? Jitokezeni, msiniache peke yangu.